Istilahi za Upasuaji wa Kano za Bega: Uhakiki wa Kijitabu cha Wagonjwa

UTANGULIZI

Miongoni mwa tafsiri zinazoletwa mbele ya maofisa wa istilahi ili zikaguliwe, nyingi huhusu sheria, kilimo na uhasibu. Chache tu huhusu tiba. Na katika hizo chache, sehemu kubwa hushughulikia magonjwa yaliyozoeleka, kama vile malaria na kifua kikuu, ambayo Kiswahili kimekwisha kuyajengea msamiati wa kutosha. Makala hii inahakiki kazi ya namna nyingine. Ni kijitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wagonjwa ambao kano za bega zimechanika vibaya, na ambao hawana budi kuchagua, pamoja na daktari wao, njia moja ya upasuaji kati ya njia kadhaa. Mwishoni mwa kijitabu hicho pana ukurasa wa idhini, ambao mgonjwa hutakiwa kuutia sahihi.

Ukurasa huo wa mwisho ndio unaoipa tafsiri hii uzito wake. Kosa la istilahi katika kitabu cha shule huweza kusahihishwa na mwalimu darasani, na kosa katika waraka wa ofisi huweza kufutwa kwa waraka mwingine. Lakini kosa katika karatasi ya idhini humfanya mtu akubali kufanyiwa jambo asilolijua, na mwili uliokwisha kupasuliwa haurudishwi kwa masahihisho. Hoja ya makala hii, kwa hiyo, ni moja: mgonjwa hawezi kuchagua baina ya mambo ambayo mfasiri ameyapa jina moja.

Hatutamtaja mfasiri wala hospitali iliyomwagiza, maana shabaha yetu si mtu. Aidha, ni haki kusema kwamba Kiswahili cha kijitabu hiki ni laini na sentensi zake ni fupi. Wala mfasiri hakuburura muundo wa Kiingereza nyuma yake, kama wafanyavyo wengi. Kasoro zilizomo zimo katika istilahi.

1. KIUNGO CHENYEWE NA MAJINA YAKE

Hapana istilahi inayoweza kupimwa kabla dhana yake haijaeleweka. Katika bega, kichwa cha mfupa wa mkono, chenye umbo la tufe, hukaa mbele ya kibakuli kilichoko ukingoni mwa kombe la bega. Kibakuli hicho ni kidogo na hakina kina kirefu, ndiyo maana bega huweza kugeuka pande nyingi kuliko kiungo kingine chochote, na ndiyo maana pia huhitaji kushikiliwa. Misuli minne hutoka kwenye kombe, na kano zake hukutana na kukifunika kichwa cha mfupa kwa mbele, kwa juu na kwa nyuma. Msuli mkubwa wa pembetatu, ule unaolipa bega umbo lake la nje, huuinua mkono. Ile minne hukibana kichwa kisipande, bali kibaki katikati ya kibakuli. Kano zikiachana na mfupa, msuli mkubwa huvuta peke yake, kichwa hupanda juu, na mara nyingi mkono hushindwa kuinuka.

Kijitabu kinaziita kano hizo "pingu za kuzungushia". Si vigumu kuona neno hilo lilikotoka. Kiingereza kilizilinganisha kano hizi na ncha ya mkono wa shati, ile inayozunguka kifundo cha mkono. Na jina la ncha hiyo, kwa bahati mbaya, hutumika pia kwa pingu. Mfasiri alifungua kamusi akachukua maana isiyohusika. Mgonjwa anayesoma kwamba pingu za bega lake zimekatika atashangaa, na huenda akafurahi.

Lakini hata kama mfasiri angelichukua shati badala ya pingu, tungelibaki na swali: kwa nini tufuate shati? Wajerumani walifuata mfano huo wa mkono wa shati, lakini Wafaransa hawakuufuata. Wao huziita kano hizi kwa neno linalomaanisha vazi la kichwani. Hapana sheria, basi, inayotulazimisha kuiga picha ya Kiingereza. Nasi tayari tunasema "kichwa cha mfupa". Na kichwa, kwa Mswahili, huvikwa kofia. Tunapendekeza "kofia ya kano". Jina hili ni fupi, linaeleza mahali na umbo, na lina faida nyingine: halidai kwamba kazi ya kano hizi ni kuzungusha tu. Kazi yake kubwa, kama tulivyoonyesha, ni kukituliza kichwa mahali pake.

Mahali pengine kijitabu kinaacha pingu na kusema "mshipa wa bega umekatika". Neno "mshipa" lina mzigo mkubwa mno katika Kiswahili: ni njia ya damu, ni njia ya fahamu, katika mazungumzo ni kano, na kwa wengi ni ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa aambiwaye kwamba mshipa wake umekatika atadhani anavuja damu ndani au kwamba atapooza. Neno "kano" lipo, wachinjaji wa nyama hulijua, na linamaanisha kitu hicho hicho. Litumike lenyewe peke yake.

Kosa la tatu la sehemu hii ni la hatari zaidi kwa kuwa linaonekana la kitaalamu. Msuli wa kwanza katika ile minne, unaochanika mara nyingi kuliko mingine, umeitwa "msuli wa juu ya uti wa mgongo". Jina la Kilatini linataja kweli mwiba, lakini mwiba huo ni ukingo wa mfupa unaopita nyuma ya kombe la bega, ambao kila mtu anaweza kuupapasa kwa vidole vyake. Hauhusiani na uti wa mgongo. Jina "msuli wa juu ya mwiba wa kombe" ni refu, lakini halimpeleki msomaji mahali pasipo. Mgonjwa anayesoma juu ya uti wa mgongo huogopa upasuaji asiofanyiwa.

2. KUPASUKA, KUCHANIKA NA KUBANDUKA

Jeraha lenyewe limeitwa "mpasuko". Neno si baya peke yake, lakini halikai vizuri karibu na "upasuaji". Katika ukurasa mmoja mgonjwa anasoma kwamba bega lake "limepasuka", kisha kwamba "litapasuliwa", kisha kwamba baada ya "kupasuliwa" kano inaweza "kupasuka" tena. Shina moja linabeba ugonjwa na tiba yake. Tunashauri shina la "pasua" liachiwe daktari, na jeraha liitwe "mchaniko". Na pale ambapo kano imeachana na mfupa, kama inavyotokea mara nyingi katika bega, Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kabisa: "kubanduka". Kitu kilichobanduka ni kitu kilichokuwa kimegandamana na kingine. Na msomaji ataelewa mara moja kwamba tiba yake, ikiwezekana, ni kukigandamanisha tena.

Jambo kubwa katika sehemu hii, hata hivyo, ni namna kijitabu kinavyopima ukubwa wa mchaniko. Madaktari hutofautisha dhana mbili. Ya kwanza ni mchaniko mkubwa sana: kipimo kimoja kinachotumiwa sana ni sentimita 5 au zaidi, na kingine ni kubanduka kwa kano mbili au zaidi. Ya pili ni mchaniko ambao kano yake haiwezi tena kurudishwa mfupani, ama kwa sababu imejikunja mbali, ama kwa sababu msuli wake umegeuka mafuta. Mwaka 1994 Mfaransa Daniel Goutallier na wenzake walipanga mageuko hayo katika madaraja kuanzia 0 hadi 4. Katika daraja la 3 mafuta na msuli huwa sawasawa, na katika la 4 mafuta hushinda. Dhana hizi mbili hukaribiana, lakini si moja. Mchaniko mkubwa sana huweza kushoneka ukiwahiwa.

Kijitabu kinatafsiri dhana zote mbili kwa "mpasuko mkubwa usiotibika". Hapa mfasiri amekosea mara mbili. Amewanyima tumaini la kushonwa wale ambao kano zao zinashoneka. Na amewaambia wale wengine kwamba hawana tiba, katika kijitabu ambacho kurasa zake zinazofuata zinaeleza tiba zao! Kisichoshoneka si kisichotibika. Wala hatuhitaji kutafuta mbali, kwani sarufi yetu imetupa kauli ya kutendeka, ambayo hueleza uwezekano kwa kiambishi kimoja. "Mchaniko usioshoneka" husema jambo linalotakiwa, wala hauzidishi.

3. KITENZI KIMOJA KWA KAZI TANO

Tunafika sasa katika kiini cha uhakiki huu. Kijitabu kinaeleza kazi tano tofauti za upasuaji, na katika zote tano mfasiri ametumia "kutengeneza" au "kurekebisha", akiongeza pengine neno "upya". Tuzichunguze moja moja.

Ya kwanza ni kuirudisha kano mfupani. Kazi hii ilifanywa na Ernest Codman huko Boston, Marekani, mwaka 1909, naye akaiandika mwaka 1911. Vifaa vimebadilika tangu hapo, lakini tendo ni lile lile: daktari huivuta kano na kuifunga kwa uzi mahali ilipobandukia. Siku hizi uzi hushikiliwa na vijiti vidogo vinavyozamishwa mfupani, ambavyo Kiingereza huviita nanga. Na neno hilo tunaweza kulichukua bila wasiwasi, maana nanga tunaijua tangu zamani. Kazi hii iitwe "ushonaji wa kano". Pale ambapo sehemu tu ya kano inafika, iitwe "ushonaji wa sehemu", ili mgonjwa asije akadhani kofia yote imerudi.

Ya pili ni kuondoa nyuzi za kano zilizochakaa na utando uliovimba, bila kuirudisha kano yenyewe. Shabaha yake ni kupunguza maumivu. Hapa, mara moja tu, mfasiri ameongeza neno jingine, "kusafisha". Neno hilo lina matatizo mawili. Kwanza, husafishwa kilicho kichafu, na bega hili halina usaha wala uchafu. Pili, katika lugha ya wodini na ya nyumbani, "kusafishwa" ni neno la staha kwa mwanamke aliyeharibikiwa na mimba. Mama wa makamo anayepewa karatasi isemayo kwamba atasafishwa ana haki ya kushangaa. Mkulima ana neno bora: "kupogoa", yaani kukata yaliyozidi au yaliyokauka na kuuacha mti umesimama. "Upogoaji wa kano" huonyesha wazi kwamba kinachoondolewa ni ziada, na kwamba hakuna kinachoshonwa.

Ya tatu ni kuchukua ncha ya msuli mwingine uliomzima na kuifunga mahali pa kano iliyopotea. Mswisi Christian Gerber na wenzake walieleza mwaka 1988 jinsi kano ya msuli mpana wa mgongo inavyoweza kufanyiwa hivyo. Msuli hubaki na shina lake, damu yake na fahamu zake. Ni ncha tu inayohama. Kijitabu kinasema "kutengeneza bega kwa kupandikiza kano". Lakini "kupandikiza" tumekwisha kukipa kazi nyingine: ni kutwaa kitu mahali pake kabisa, pengine katika mwili wa mtu mwingine, kama figo. Mgonjwa atauliza kano hiyo imetoka kwa nani. Hapa neno ni "kuhamisha", na istilahi ni "uhamishaji wa kano".

Ya nne ndiyo hasa inayostahili "upandikizaji". Mwaka 2013 Mjapani Teruhisa Mihata na wenzake walichapisha matokeo ya kuziba sehemu ya juu ya kiungo kwa utando uliotwaliwa kwenye paja la mgonjwa mwenyewe. Huko Marekani imekuwa kawaida kutumia ngozi iliyotolewa kwa mtu aliyefariki na kuandaliwa kitaalamu. Kijitabu kinasema tu kwamba daktari "atatengeneza upya kapsuli ya juu". Kwa msomaji wa kawaida kapsuli ni kidonge cha kumeza. Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba neno "kutengeneza" limefunika swali la asili ya utando huo. Wapo wagonjwa ambao kwa imani au desturi yao hawatakubali kubeba ngozi ya maiti, na wapo watakaokubali kwa shukrani. Wote wana haki ya kuulizwa. "Upandikizaji wa utando juu ya kiungo" huliibua swali hilo wenyewe, kwa sababu kila asikiaye "kupandikiza" huuliza: kutoka wapi?

Ya tano ni kuondoa kiungo na kuweka cha bandia. Hii tunaijadili peke yake hapa chini.

Kabla ya hapo, neno moja juu ya orodha ya kijitabu. Baada ya kazi hizo mfasiri ameorodhesha "upasuaji wa kamera" kana kwamba ni tiba ya sita inayojitegemea. Matundu madogo na kamera ni njia ya kuingilia. Kwa njia hiyo daktari huweza kushona, kupogoa au kupandikiza. Anayechagua kamera bado hajachagua tiba. Ni sawa na mtu aulizwaye anakwenda wapi, akajibu kwamba atapanda basi.

4. KOMBE NA KINYUME

Bega la bandia si jambo la jana. Mfaransa Jules Péan aliliweka mjini Paris mwaka 1893. Lakini bega bandia lililoiga umbile la asili halikuwafaa wasio na kofia ya kano, kwa sababu hakuna kilichokituliza kichwa. Mwaka 1985 Paul Grammont wa Dijon, Ufaransa, alibuni bega lenye nafasi zilizobadilishwa: tufe likafungwa kwenye kombe la bega, na kibakuli kikawekwa juu ya mfupa wa mkono. Kwa mpango huo msuli wa pembetatu hupata nguzo imara ya kuuinulia mkono hata kama kano hazipo.

Kijitabu kinaeleza hivi: "Tufe huwekwa kwenye kombe, na kombe huwekwa kwenye mfupa." Msomaji atarudia sentensi hii mara tatu bila faida. Sababu ni kwamba "kombe" katika Kiswahili ni mfupa mpana wa bega na pia ni chombo cha duara chenye kina. Mfasiri hakukosea maana hata moja. Alichokosea ni kuziweka zote mbili katika sentensi moja. Kanuni inayotokana na mfano huu ni kwamba istilahi haipimwi peke yake, bali pamoja na jirani zake. "Kombe" libaki kuwa mfupa. Chombo kiitwe "kibakuli".

Ama jina la bega lenyewe, mfasiri ameandika "bega la kinyume". Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa kwamba neno "kinyume" limekwisha kuzoea kuandamana na "cha maumbile", na kwamba mzee mwenye heshima zake hatapenda kuandikiwa hivyo kwenye faili. Hata pasipo aibu hiyo, jina hilo humfanya mgonjwa adhani mkono wake utakunjika kwa nyuma. Tunapendekeza "bega bandia geuzi", na katika maelezo ya kwanza liandikwe kwa urefu: "bega bandia lenye tufe kwenye kombe".

5. MANENO YANAYOAHIDI

Kasoro ya mwisho haihusu usahihi wa dhana bali uzito wa ahadi. Upo mfuko mdogo unaojazwa maji ya chumvi na kuwekwa kati ya kichwa cha mfupa na paa lililo juu yake, kisha huyeyuka mwilini baada ya miezi kadhaa. Kijitabu kinauita "puto la kuponya bega". Katika asili ya Kiingereza neno la kuponya halimo. Kuna neno la kutenganisha tu. Mfasiri aliona jina kavu, akalitia sukari.

Sukari hiyo ina gharama. Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa Uingereza kwa wagonjwa 117 wenye michaniko isiyoshoneka. Wote walipogolewa, na baadhi yao wakawekewa puto pia. Baada ya miezi 12, waliopogolewa bila puto walikuwa na hali nzuri zaidi, na majaribio yalikwisha kusimamishwa mapema. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo, uliofanywa Amerika ya Kaskazini na kulinganisha puto na ushonaji wa sehemu, haukuliona puto kuwa duni. Hayo ni mabishano ya madaktari, nasi hatuna haki ya kuyaamua. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba mfasiri pia hana haki ya kuyaamua kwa neno moja. Jina liwe "puto la kutenganisha", basi.

6. PINGAMIZI

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kazi bure, kwa kuwa daktari atamweleza mgonjwa kwa mdomo. Jibu letu ni kwamba daktari naye hutumia maneno, na mara nyingi hutumia yaliyomo katika karatasi iliyoko mezani. Wengine watasema afadhali majina ya kigeni yaachwe yalivyo, kwa kuwa ni ya kimataifa. Hatupingi kukopa, sayansi ya lugha yoyote imekopa. Lakini mkopo hufaa pale ambapo lugha haina kitu. Kushona, kupogoa, kuhamisha, kupandikiza, kubanduka: vyote hivi tunavyo, na kila kimoja hutofautisha jambo ambalo mgonjwa lazima alitofautishe.

MAPENDEKEZO

Kwa kifupi, tunapendekeza mabadiliko haya:

pingu za kuzungushia: kofia ya kano
mshipa wa bega: kano ya bega
msuli wa juu ya uti wa mgongo: msuli wa juu ya mwiba wa kombe
mpasuko: mchaniko, kano ikiachana na mfupa, kubanduka
mpasuko mkubwa usiotibika: (a) mchaniko mkubwa sana, (b) mchaniko usioshoneka
kutengeneza kano: ushonaji wa kano, ushonaji wa sehemu
kusafisha bega: upogoaji wa kano
kupandikiza kano: uhamishaji wa kano
kutengeneza upya kapsuli ya juu: upandikizaji wa utando juu ya kiungo
kombe la bandia: kibakuli
bega la kinyume: bega bandia geuzi
puto la kuponya bega: puto la kutenganisha

HITIMISHO

Istilahi hizi ni mapendekezo, wala si amri. Madaktari wapasuaji, wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya tiba wazijaribu mbele ya wagonjwa; zile zitakazokwama zirudishwe mezani. Tunashauri pia kwamba kijitabu chochote chenye ukurasa wa idhini kisipigwe chapa kabla hakijasomwa na watu wawili: mmoja anayeijua kazi ya upasuaji, na mwingine asiyeijua kabisa. Huyo wa pili aulizwe swali moja tu: kati ya njia hizi, ipi ni ipi? Akishindwa kuzitenganisha, tafsiri irudishwe kwa mfasiri, na sahihi ya mgonjwa isubiri.